Mwanzo wa Picha ya Kutisha na Haki ya Ajuza

Kila nyumba ina mlango, na mlango wa picha ya sinema ni dakika zake za kwanza. Mtu apangaye dakika hizo aweza kudhani ya kuwa anapanga pambo, kumbe anapanga hukumu. Mtazamaji aketiye gizani hajui jina wala mwenendo wa mtu ye yote atakayemwona; hana shahidi ila jicho lake, na jicho lake amelikabidhi kwa mwingine. Kabla hajapewa sababu hata moja amekwisha kuambiwa nani apendwe na nani aogopwe. Katika picha ya kuchekesha jambo hili halina madhara makubwa. Katika picha ya kutisha, hasa ile isimuliayo mambo yapitayo maumbile, kama mizimu, majini na uchawi, jambo hili ni zito, maana kinachochaguliwa katika mlango ule ni sura ya hofu yenyewe. Basi nataka kulipima swali hili: je, msanii ana haki ya kuazima hofu aliyoikuta mioyoni mwa watu, akaitumia kufungulia picha yake, ikiwa hofu hiyo, mahali hapo hapo, imekwisha kuua?

Swali la namna hii likiachwa hewani hugeuka kuwa maneno matupu. Heri lipewe mahali pa kukaa. Nalipa Bariadi. Mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha nchi zilizokuwa katika Mkoa wa Shinyanga, yaani Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma kwa sehemu kubwa. Nchi ya pamba na ng'ombe, ya udongo mweusi wa mbuga, ya mawe ya matale na nyua za minyaa. Mashariki yake ni Serengeti na magharibi yake ni ziwa. Miti ya kuni katika sehemu nyingi ni haba, na jambo hili dogo, kama tutakavyoona, lina uzito kuliko lionekanavyo.

Tuseme ya kuwa vijana wachache wa Bariadi wamepata kamera na nia, nao wanataka kutengeneza picha ya kutisha. Si ajabu wakiwa na nia hiyo. Katika miaka ya 2000 picha za vidio za Kitanzania, kama “Nsyuka” na “Shumileta” za Mussa Banzi, zilionyesha ya kuwa hofu ya nyumbani ina wanunuzi nyumbani, wala haina haja ya kuvaa joho la Wazungu. Vijana wetu wanaketi kupanga mwanzo. Mmoja anatoa shauri: usiku, mlio wa fisi kwa mbali, kijumba cha udongo kilicho peke yake nyuma ya minyaa, ndani yake makaa yanafuka. Kamera yasogea polepole. Twaona mikono iliyokunjamana, kisha shavu, kisha jicho moja, jekundu kama kaa la moto. Mara picha yakatika. Katika nyumba ya jirani mtoto anaamka akilia, anatetemeka, na mama yake anamwita kwa jina bila kujibiwa. Jina la picha linatokea katika kioo. Wenzake wote wanakubali. Mwanzo umepatikana.

Tuseme kweli: mwanzo huu ni mzuri kwa maana ya ufundi. Hauna gharama, ni mfupi, na hakuna mtu wa Simiyu atakayeuliza maana yake. Hapo ndipo penye shida. Haukuhitaji maneno kwa sababu maneno yake yalikwisha kusemwa zamani na watu wengine, tena si katika sinema.

Lev Kuleshov, fundi wa sinema wa Urusi, alifanya jaribio lililopata sifa katika miaka ya mwanzo ya sinema ya Kisovieti. Alichukua uso wa mwigizaji Mozzhukhin, uso usio na furaha wala huzuni, akaufuatisha mara moja na bakuli la mchuzi, mara nyingine na maiti katika jeneza. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoona njaa na jinsi alivyoona majonzi, na kumbe uso ulikuwa ule ule. Fundisho lake ni ya kuwa katika sinema maana haikai katika picha moja. Hukaa katika mfuatano wa picha mbili. Sasa tutazame mwanzo wa vijana wetu kwa fundisho hili. Jicho jekundu la ajuza, kisha mtoto mgonjwa. Hakuna aliyesema ya kuwa ajuza amemroga mtoto. Hakuna aliyeleta ushahidi. Mfuatano peke yake umeshitaki, umesikiliza na umekata hukumu, kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Mfuatano huo huo ndio uliotumika vijijini kabla kamera haijafika: bibi fulani alipita, mtoto fulani akaugua.

Na jicho lile limekuwaje jekundu? Mwanamke wa Usukumani akosaye kuni hupikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ni mkali. Akipika hivyo katika jiko lisilo na dirisha tangu usichana wake hata uzee wake, jua likichoma na vumbi likipulizwa wakati wa kiangazi, macho yake yatakuwa mekundu. Wekundu ule ni alama ya kazi. Ni hesabu ya vyakula vyote alivyowapikia mume, watoto na wajukuu. Lakini alama ya kazi imesomwa kuwa alama ya uovu, na wanawake wengi wamelipa usomaji huo kwa roho zao.

Hesabu za serikali za miaka 1970 hadi 1984 zilionyesha ya kuwa watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu waliuawa Usukumani, na wengi wao walikuwa wanawake. Wataalamu wametafuta sababu. R. E. S. Tanner aliandika juu ya mauaji haya mwaka 1970, na Simeon Mesaki akayachimba kwa kina katika tasnifu yake ya mwaka 1993. Zamani mtu aliyetuhumiwa aliweza kufukuzwa katika nchi na mtemi, akaenda kuishi kwingine na roho yake. Utemi ulipoondolewa mwaka 1963 njia hiyo nayo ilizibika, na mahakama za serikali hazikuweza kuhukumu jambo lisilo na ushahidi wa macho. Mwaka 1974 watu walihamishwa kuingia katika vijiji, na waliokuwa wakikaa mbali mbali wakajikuta ukuta kwa ukuta na majirani wasiowachagua. Magonjwa, vifo vya watoto, mashamba na urithi wa wajane yakaongeza kuni katika moto. Mara nyingi aliyeua alikuwa mtu wa kukodiwa, na aliyekodi alikuwa mtu wa karibu.

Nchi hiyo hiyo iliona balaa la pili la namna moja na la kwanza. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza mwezi wa Januari 2009 kufuta leseni za waganga wa jadi. Chini ya balaa hili ilikuwako hadithi: ya kuwa mtu wa namna ile hafi kama watu wengine, bali hutoweka. Hadithi hii si ndefu, na kwa mwandishi wa mambo ya kutisha ingeonekana kuwa fikira ya ajabu na yenye mvuto. Lakini mtu akisadiki ya kuwa jirani yake hafi, ameondolewa nusu ya kizuizi cha kumwua.

Haya ndiyo yaliyo upande mmoja wa mizani. Sasa tuweke mawe katika upande wa pili, na tuyaweke kwa uaminifu, maana hoja isiyopingwa kwa nguvu haijashinda.

Pingamizi la kwanza lasema ya kuwa hadithi ni hadithi. Babu zetu walitishana kwa mazimwi mbele ya moto, na hakuna aliyekufa kwa zimwi. Pingamizi hili lina kweli ndani yake, lakini kweli yake ndiyo inayolivunja. Zimwi halina nyumba kijijini. Halina shamba la kurithiwa, halina mkwe asiyempenda, halichoti maji katika kisima kimoja na sisi. Ukimtisha mtoto kwa zimwi, kesho asubuhi hakuna mtu ye yote njiani aliye na sura yake. Ajuza mwenye macho mekundu yuko njiani kila asubuhi. Basi kuna hofu mbili: hofu ambayo uso wake hauna mwenyewe, na hofu ambayo uso wake una mwenyewe. Ya kwanza ni mali ya watu wote, na msanii aweza kuichota kama maji ya mvua. Ya pili imechukuliwa katika mwili wa mtu aliye hai, na achukuaye kitu cha mtu hana budi kuulizwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Lasema: kazi ya msanii ni kuonyesha watu kama walivyo. Watu wengi wanaamini uchawi. Ukiwakataza vijana wa Bariadi kuonyesha imani ya nchi yao, unawataka waseme uongo ili wasomi wapendezwe, na unaidharau akili ya mtazamaji kana kwamba ni mtoto asiyejua tofauti ya kioo na dirisha. Silikatai neno hili. Nasema tu ya kuwa kuonyesha imani ni jambo moja, na kuitolea imani ushahidi ni jambo jingine. Picha ikionyesha wanakijiji wakimwogopa ajuza, imesema kweli juu ya wanakijiji. Picha ikionyesha ajuza yule, peke yake, usiku, hali hakuna mwanakijiji anayemtazama, akiutuma ugonjwa katika nyumba ya jirani, imesema jambo juu ya ajuza. Imejifanya shahidi aliyekuwako. Na kamera ni shahidi anayesadikiwa kuliko wote, kwa kuwa watu hudhani ya kuwa haina ulimi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, tuliyorithi kwa Waingereza, ilifanya kuwa kosa kujidai mchawi, na ikafanya kuwa kosa pia kumtaja mwingine kuwa mchawi. Kamera haimtaji mtu kwa jina, lakini humtaja kwa shavu, kwa kanga na kwa jicho.

Pingamizi la tatu ni la hesabu. Watu wale wa miaka ya 1970 na 1980 waliuawa hali katika vijiji vyao hapakuwa na vidio wala sinema ya uchawi. Mauaji hayakuingoja picha. Yatawezaje basi kuhesabiwa kuwa mzigo wa picha? Hili lazima likubaliwe lote. Si haki kumbebesha msanii damu ambayo hakuimwaga, na mtu asemaye ya kuwa picha moja itazaa mauaji asema asichokijua. Lakini maadili hayaulizi tu, “Nani ameleta msiba?” Huuliza pia, “Nani amemdhulumu nani?” Mtu akitoa ushahidi wa uongo barazani, na mshitakiwa kwa bahati akaachiliwa, shahidi yule hakuleta msiba, lakini dhuluma ameitenda. Vivyo hivyo ajuza aweza kuishi miaka mingine ishirini kwa salama baada ya picha ile kuonyeshwa, na bado uso wake umetumika kusema jambo asilolitenda, ili watu wengine wapate kustarehe kwa kutetemeka. Dhuluma haihitaji maiti ili iwe dhuluma.

Pingamizi la nne husemwa na mafundi wenyewe, nalo ni hili: ukiziondoa hofu hizi, picha itakuwa hotuba. Watu watalipa kiingilio ili waogope, nawe utawapa mafundisho ya wizara. Na kweli, picha ya kutisha isiyotisha haimfai mtu, hata ajuza tunayemtetea. Wako pia wasemao ya kuwa jambo hili si la dhamiri bali la Bodi ya Filamu, ambayo sheria ya mwaka 1976 imeipa kazi ya kukagua picha. Hao wanasahau ya kuwa mkaguzi aweza kukata kipande cha picha, lakini hawezi kupanga mwanzo. Aliyeko peke yake na kalamu usiku ule wa kupanga ni msanii, na anayelala naye kitanda kimoja ni dhamiri yake.

Basi tutazame kama yawezekana kuogopesha bila kudhulumu. Sinema ya ulimwengu ina mifano. “The Exorcist” ya mwaka 1973 haianzi na mtoto aliyepagawa. Huanza katika jua kali la Iraq, ambapo padre mzee anachimbua vitu vya kale, na hofu yaingia kwa ukimya, kwa saa iliyosimama na mbwa wanaopigana. Hapo hakuna jirani aliyeshitakiwa. “Night of the Living Dead” ya George Romero, ya mwaka 1968, yaanza na gari dogo likielekea makaburini. Kaka na dada wameleta shada katika kaburi la baba yao, na mtu mmoja anatembea kwa mbali, nao wanamfanyia mzaha. Mtazamaji ajifunza katika dakika chache kumwogopa mtu atembeaye kwa mbali. Kisha, mwisho wa picha, Mmarekani mweusi aliyewalinda wenzake usiku kucha anatokea dirishani kukipambazuka, na kundi la watu wenye bunduki, wamwonao kwa mbali, wanampiga risasi wakidhani ni mfu mmojawapo. Romero alikopa hofu katika mwanzo na akailipa katika mwisho. Hofu ile ile aliyotufundisha ndiyo iliyoua mtu mwema. Huu ni ufundi mkubwa, nao ni wa haki. Lakini una hatari yake: humtegemea mtazamaji abaki mpaka mwisho, na katika vibanda vya vidio watu huingia na kutoka.

Katika mwaka ule ule wa 1968 “Witchfinder General” ya Michael Reeves ilianza kwa namna nyingine. Katika Uingereza ya karne ya 17 mwanamke anaburutwa akipiga makelele hata kilimani, anatundikwa, na watu wa mji wanatazama. Uchawi hatuuoni po pote. Tunachokiona ni kamba. Na Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, alianza “I Am Not a Witch” ya mwaka 2017 kwa gari la watalii linalokwenda kutazama kambi ya wanawake wazee walioitwa wachawi, waliofungwa kwa utepe mweupe wasije wakaruka. Mtazamaji akiwa pamoja na watalii anajiona yeye mwenyewe ndiye kichekesho, kisha ndiye kitisho. Wote wawili wameigeuza kamera. Hawakuiondoa hofu, wameihamisha makao.

Vijana wa Bariadi waweza kufanya vivyo hivyo bila kuiga. Wana kijumba, moshi, jicho na usiku. Waanze ndani ya kijumba badala ya nje. Moshi kwanza, ajuza anapuliza moto, anakohoa, anajipangusa macho kwa pindo la kanga, ndipo jicho jekundu. Kisha nyayo nje. Anasikiliza. Anataja jina la mjukuu wake, na hapana jibu. Mwanga wa kurunzi wapita katika ufa wa mlango. Picha ni zile zile karibu zote. Kilichobadilika ni mfuatano. Na nani atasema ya kuwa mwanzo huu hautishi? Wa kwanza ulimtisha mtazamaji kwa mtu asiye na silaha. Wa pili wamtisha kwa jambo lililotokea kweli.

Hata hivyo picha imeahidi mambo yapitayo maumbile, na ahadi ni deni. Wengi watakimbilia njia iliyo karibu: ajuza anauawa, kisha roho yake inarudi kuwatesa waliomwua. Njia hii yaonekana kuwa ya haki, maana wenye hatia wanaadhibiwa. Mimi naiona kuwa mtego. Ajuza alikufa akikana ya kuwa ana uwezo wa kudhuru watu usiku. Sasa hadithi inamfufua ili awadhuru watu usiku. Wauaji wake walikuwa na hoja moja tu, na picha imewapa ushahidi waliokosa. Imemtetea kwa kumhukumu mara ya pili.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, iko katika hazina ya Wasukuma wenyewe. Katika ngano yao maarufu zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, kijana mwepesi wa kufahamu, na alipokua alilitafuta zimwi, akaliua na kulipasua tumbo. Watu wote wakatoka wazima. Wasimulizi wengi wa leo hukomea hapo. Lakini ngano ina kipande kingine. Kisu cha kijana, kilipokuwa kikipasua, kilimkata ajuza mmoja sikio. Ajuza akaghadhibika, akataka kumroga. Rafiki za kijana wakamlinda, na watu wakatafuta dawa wakamponya ajuza lile sikio. Kisha Masala Kulangwa akafanywa mtemi.

Nastaajabia hekima ya kipande hiki. Ngano haikusema ya kuwa ajuza ni malaika, wala haikusema ya kuwa uchawi haupo. Imekubali ghadhabu yake na imekubali hatari yake. Lakini imeanza na sikio. Imesema nani alimkata, tena alimkata kwa bahati mbaya, katika kazi njema ya kuwaokoa watu wote. Na jamii ilipoulizwa, “Tumfanyeje ajuza mwenye hasira?” haikujibu kwa panga, ilijibu kwa dawa. Tena ametoka katika tumbo lile lile walimotoka wengine. Zimwi halikuwa yeye, bali ndilo lililowameza yeye na washitaki wake pamoja.

Hapa kuna kitisho kinachopita maumbile na kisichomdhulumu mtu: kitu kimezacho kijiji kizima, na kila aliyemezwa anadhani yuko nje, na katika giza la tumbo kila mmoja anapapasa akitafuta wa kumlaumu. Kitu hicho hakina uso wa jirani. Msanii aweza kukipa sauti, kivuli na harufu, akatutetemesha mpaka usiku wa manane, na asubuhi hakuna mtu atakayetazamwa vibaya kisimani. Kanuni ninayoitoa katika ngano hii yaweza kusemwa kwa maneno machache: picha ionyeshe jeraha kabla ya ghadhabu, na moshi kabla ya jicho.

Najua ya kuwa kanuni hii ina bei. Jicho jekundu likija kwanza hushitua zaidi kuliko likija la pili, na vijana wasio na fedha wanahitaji mshituko. Sitawadanganya kwa kusema ya kuwa haki na faida hukutana kila mara. Pengine mwanzo wa haki utauza nakala chache, na pengine wenzao wa mji mwingine watatumia ule wa dhuluma na kusifiwa. Kulipa bei hiyo ni sehemu ya kazi, kama fundi wa nyumba anavyolipia msingi ambao hakuna mgeni atakayeusifu.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo limo katika upangaji wo wote wa picha, ingawa haliandikwi katika mchezo. Ajuza wa sinema hana budi kuigizwa na mtu. Katika jiji kubwa mwigizaji hujipangusa rangi, akapanda gari na kurudi kwake ambako hakuna anayemjua. Katika vijiji vya Bariadi mwigizaji huyo atakuwa bibi wa kijiji kile, aliyechaguliwa kwa sababu uso wake unafaa, naye atapokea shilingi zake chache kwa furaha na kurudi kwa miguu katika nyumba yake nyuma ya minyaa. Miezi michache baadaye watu watamwona katika kioo, usiku, na jicho lake likifuatwa na kilio cha mtoto. Apangaye mwanzo na ajiulize kama mama huyu ataweza kulala usingizi usiku ule picha itakapoonyeshwa kijijini kwake. Ikiwa jibu ni ndiyo, na aifungue kamera. Ikiwa hana hakika, mwanzo wake haujapangwa bado.